Moshi wa Kubandika

Waliosema kwamba njia ya mwongo ni fupi hawakusema kwamba mwongo hana mbio. Mbio anazo, tena hukimbia kifua mbele huku watu wakimpigia makofi, na mkweli akiachwa nyuma akikohoa vumbi lake. Walichosema wahenga ni kwamba njia yenyewe haifiki mbali. Anayetilia shaka maneno hayo na aulize yaliyotokea Nakuru mwaka wa 2008, siku kamati ya mabati ilipobandika picha ukutani ili watu wote wazione.

Nakuru ni mji wa vumbi. Wenyeji husema hata jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo, na anayebisha asubiri kiangazi, ziwa linapokauka kingoni na upepo kuokota magadi na kuyamwaga juu ya nguo zilizoanikwa. Kwa watu wengi vumbi hilo ni adha tupu. Kwa Maxwel, kijana aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko, vumbi lilikuwa riziki. Ukimpelekea picha ya pikapu iliyoegeshwa mbele ya hoteli, alikuwa akiiingiza kwenye kompyuta yake na kukurudishia pikapu ile ile ikikata kona kwa kasi, vumbi jekundu limetanda nyuma ya magurudumu, nawe umeketi kwenye usukani kama bingwa wa mashindano ya magari. Vijana walizitundika picha hizo sebuleni na wengine wakawatumia wachumba.

Kipaji alikuwa nacho, haifai kumnyima haki yake. Siri ya kazi aliieleza bila choyo kwa kila aliyeketi kwenye benchi la studio. Vumbi, alisema, hutambaa chini na kufuata gurudumu, ilhali moshi hupanda na kufifia juu. Vumbi huchukua rangi ya udongo wa mahali, na moshi huchukua rangi ya kitu kinachoungua. Ukikosea hapo hata mtoto atakucheka. Maneno hayo Anyango aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe katikati ya mwaka wa 2007, siku Maxwel alipokwenda kwake kumpiga picha ya kalenda.

Anyango alikuwa fundi wa sare za shule. Nyumba yake ya mbao ilikuwa ng'ambo ya reli, na kwa kuwa vichochoro vya mtaa ule vilimpoteza hata mwenyeji, alikuwa amepigilia vibao vyenye mishale kuanzia relini hadi mlangoni pake. Mlango aliupaka rangi ya samawati, na dirishani akaning'iniza pazia alilolishona kwa mabaki ya kitambaa cha miraba cha sare. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, akazeeka Nakuru na kuzikwa Nakuru. Maxwel alikuwa akiimba naye kwaya moja kanisani, kwa hiyo siku hiyo ya kalenda alikaribishwa kama mtoto wa nyumbani. Alikunywa chai pale mlangoni, akala chapati, akapiga picha zake na kuondoka akiwa ameshiba.

Mwisho wa Januari mwaka uliofuata, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba ile iliteketea. Habari ya namna ilivyoteketea haihitaji kupambwa. Vijana walikuja na petroli mchana kweupe, wakaanzia mwisho wa mtaa na kuja mbele, nyumba baada ya nyumba, wakicheka. Anyango alitoka akiwa amembeba mama yake mzee mgongoni na kumshika binti yake, Mitchelle, mkono. Hakuchukua kitu kingine, wala hakugeuka nyuma. Na wala hakusimama kupiga picha, kwa maana ni mwendawazimu gani anayesimama kupiga picha nyumba yake ikiungua?

Walipakiwa kwenye lori wakapelekwa Kisumu pamoja na wengine waliokuwa na majina kama yao. Huko walipokewa na binamu ambao Anyango hakuwahi kuwaona, wakalazwa jikoni, na kila aliyepita aliwaambia, "Karibuni nyumbani." Anyango alishukuru kwa mdomo huku moyo ukimuuma. Nyumbani gani, na yeye hakujua hata njia ya kwenda kisimani? Viongozi walipokwisha kupeana mikono Nairobi na barabara kufunguka, alimchukua mama yake na binti yake akarudi Nakuru. Walipewa hema katika kambi ya uwanja wa maonyesho, nao wakaingia humo.

Siku hizo makanisa na wafanyabiashara wa mji walikuwa wameunda kamati ya kuwasaidia waliochomewa. Mabati yalitolewa na Mzee Gurdial Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa kilemba na ndevu nyeupe ambaye baba yake naye aliletwa na reli ile ile. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kimaiyo, karani mstaafu, mtu mwadilifu asiyekula rushwa wala kupandisha sauti. Kilichomponza ni kwamba aliogopa kudanganywa kuliko alivyoogopa kudhulumu. Ndipo akapitisha sharti kwamba kila anayedai mabati alete picha ya nyumba yake ikiungua.

Hebu sharti hilo litazamwe vizuri. Aliyeunguliwa alikimbia roho mkononi, na kama alikuwa na kamera, iliungua pamoja na godoro. Asiyeunguliwa ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda studio akiwa amechana nywele. Kwa hiyo mlango wa kamati ukafungwa mbele ya wenye haki na kuachwa wazi kwa wenye mpiga picha. Na haya hayakuwa mabati ya kukinga mvua tu, kwa sababu wakubwa wa mtaa walikuwa wametangaza kwamba atakayekuwa amejenga kabla ya masika ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye kiwanja. Asiyejenga, walisema, arudi kwao. Kwa Anyango, ambaye hakuwa na kwao kwingine, kukosa mabati kulikuwa sawa na kufukuzwa Nakuru mara ya pili.

"Picha iko wapi, mama?" Mzee Kimaiyo alimuuliza alipofika mbele ya meza.

"Sina picha, mzee. Nilitoka na mama yangu na mtoto."

"Basi mimi sina la kufanya. Kamati ilikubaliana. Mdomo unadanganya, lakini picha haidanganyi."

"Mzee, nikuulize. Nyumba yako ikishika moto, wewe utashika mama yako ama utashika kamera?"

"Hiyo ni swali ya baraza, si ya ofisi," Mzee Kimaiyo alijibu, akamwita aliyefuata.

Anyango aliondoka akiwa amefura. Njiani alikumbuka picha ya kalenda, ingawa kalenda yenyewe haikuwahi kuchapishwa. Haikuwa na moto, lakini ingeonyesha kwamba alikuwa na nyumba, tena nyumba yenye kibao cha jina lake juu ya mlango. Akaenda moja kwa moja hadi studio kwa Maxwel.

Kijana alipomwona mlangoni, macho yalimtoka pima. "Mama Mitchelle! Sasa? Si watu walisema mlienda ushago, huko kwenu Kisumu, kabisa?"

"Ushago gani, Maxwel? Ushago yangu ni hapa. Ile picha ulinipiga mwaka jana bado iko kwa kompyuta? Nisaidie na moja tu."

Maxwel alitazama kompyuta, akatazama kiatu chake. "Weh, pole sana. Hii mashini ilishikwa na virusi mwezi wa pili, ikakula picha zote za zamani. Hata zangu ziliisha." Akatuma soda iletwe, akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia kwaya inamngoja.

Anyango aliinywa ile soda na kumshukuru. Kumbukumbu hiyo ilimchoma baadaye kuliko mambo mengine yote, kwamba alimshukuru.

Ukweli, kama ulivyokuja kujulikana, ni kwamba hapakuwa na virusi wala mdudu mwingine. Sharti la kamati lilipotangazwa, watu ambao nyumba zao hazikuguswa hata na cheche walikuwa wamemiminika studio, kila mmoja na picha ya nyumba, wengine ya kwao, wengine ya kwa shemeji. Maxwel alianza kuwachorea moshi kwa brashi ya kompyuta, lakini ukatoka kama pamba iliyochomoka kwenye godoro. Basi akachukua kamera akapanda Gioto, kule jalala la mji linakofuka moshi mwaka mzima, akapiga picha wingu moja zuri zito, akalikata kingo na kulihifadhi. Kuanzia hapo kila paa lililoletwa alilivika wingu hilo. Aliweka wekundu kidogo chini ya paa, akayatia madirisha weusi, akaufifisha moshi pembeni ukaungana na anga. Kadiri wateja walivyopungukiwa na shaka, ndivyo alivyoongeza bei.

Kisha tamaa ikamwingia yeye mwenyewe. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mawe mjini, na chumba chake hakikuwa na hata ufa. Ila ndani ya kompyuta alikuwa na nyumba ya Anyango, na Anyango, kama walivyosema watu, alikuwa amekwenda zake asirudi. Akafuta kibao cha jina kilichokuwa juu ya mlango, akajaza mahali pake mbao alizozinakili kutoka ukuta wa pembeni, akamfuta Anyango mwenyewe pamoja na sare zake, akaiwasha moto nyumba ya mwenzake kwa mara ya pili. Wa kwanza waliichoma kwa petroli, na huyu aliyekula chapati mlangoni pake akaichoma akiwa ameketi kwenye kiti.

Ilipofika siku ya kutoa majina, kamati ilibandika picha zote kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, kila moja na jina la mdai chini yake, na mwenye pingamizi akaambiwa aseme. Ukumbi ulijaa. Mzee Kimaiyo aliketi mezani, Mzee Gurdial kando yake na kikombe cha chai, na Maxwel kwenye benchi la mbele akiwa na shati lililopigwa pasi. Anyango na binti yake waliingia kwa mlango wa nyuma, si kwa tumaini lolote, bali kwa sababu kambini hapakuwa na la kufanya. Walipita ukutani wakitazama nyumba za watu.

Mitchelle ndiye aliyeganda kwanza. "Mum," alisema. "Mum, si hiyo ni kwetu?"

Ilikuwa kwao. Mlango wa samawati ulikuwa pale, na pazia la miraba, na jiwe ambalo mama yake Anyango alikalia akiota jua. Juu ya paa moshi mzito ulikuwa ukipanda, na chini ya picha paliandikwa jina la Maxwel.

"Nani ameandika jina yake chini ya nyumba yangu?" alipaza sauti.

Mzee Kimaiyo aliinua kichwa kwa uchovu. "Mama, tulimaliza hayo maneno. Wewe huna picha. Huyu kijana ako nayo."

"Ako nayo kwa sababu ni yeye alinipiga! Alikuja kwangu na kamera, akakunywa chai yangu hapo kwa huo mlango! Maxwel, si uko hapo? Simama useme!"

Maxwel alitikisa kichwa kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. "Mathe amepitia mengi," alisema polepole. "Tumwombee."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akadakia, "Wenye walikimbia sasa wanarudi kuharibia wenye walivumilia!" Wengine wakaguna kukubaliana naye. Waliokuwa wakiguna kwa sauti zaidi, ingefaa ijulikane, walikuwa na picha zao pale ukutani.

Anyango alijua ameshindwa. Alimshika Mitchelle mkono waondoke, lakini kabla ya kuondoka aliigeukia ile picha mara moja tu. Duniani kote hapakuwa na picha nyingine ya nyumba yake. Alitaka kuutazama mlango, amuage babu yake aliyezikwa Nakuru, aiage na kazi yake ya miaka yote. Jicho lilipanda kutoka mlangoni hadi paani, na kutoka paani hadi kwenye moshi, na katika moshi akaona doa jeusi lenye mabawa. Akashangaa, maana siku ile ya moto hata kunguru walikuwa wametoroka. Akatazama picha iliyobandikwa kando ya hiyo, nyumba ya mawe ya mtu mwingine kabisa. Ndani ya moshi wake mlikuwa na doa lile lile, mabawa yale yale, shingo imejikunja vile vile.

Hakuondoka tena. "Mzee Gurdial," aliita, "nisaidie na macho yako. Hapo juu kwa moshi ni nini?"

Mzee Gurdial alivaa miwani, akaja na kikombe chake mkononi. "Ndege," alisema. "Huyu ni marabu. Yule mwenye kipara, mla taka."

"Na hapa?"

"Hapa pia marabu."

Mzee akasogea kwenye picha iliyofuata bila kuambiwa, kisha nyingine. "Marabu. Marabu. Huyu anaangalia upande huu mwingine, lakini ni yeye tu, amegeuzwa. Marabu." Alipofika kona ya ukumbi aliweka kikombe dirishani. "Kimaiyo, njoo hapa uone. Nyumba tofauti, mtaa tofauti, siku tofauti. Ndege moja."

Watu walisukumana kwenda ukutani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota chupa za kuuza alipiga ukelele, "Lakini huo moshi ni wa Gioto! Mimi nashinda huko kila siku! Huo ni moshi ya taka!"

"Basi mabati apewe huyo ndege," Anyango alisema. "Ndiye ameunguliwa na nyumba mingi kuliko sisi wote."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Katika kile kicheko, wadai kadhaa walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na shughuli kwingine, wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Mzee Kimaiyo alikuwa amesimama mbele ya ukuta, akihesabu marabu kwa kidole.

Mwongo mwenye akili angekomea hapo. Lakini uongo ukishikwa mkia hutafuta mwingine wa kuusukuma mbele. Maxwel aliinuka, akainua mikono. "Sawa, sawa. Moshi niliongeza. Hiyo ni kutia chumvi tu, ndio picha ionekane. Lakini nyumba ilichomeka, hiyo nani anabisha? Na nyumba ilikuwa yangu. Huyu mathe alikuwa tu mpangaji. Nilimwachia akae sababu tunaimba kwaya moja."

Anyango aliitazama mikono yake, ile iliyopigilia kila msumari wa nyumba ile. Mitchelle alianza kulia.

Mzee Gurdial alimtazama kijana juu ya miwani yake. "Nyumba ilikuwa yako?"

"Yangu kabisa, mzee."

"Basi hakuna shida. Tuongoze."

"Tuongoze wapi?"

"Kwako. Mimi nataka kuona mahali mabati yangu inaenda. Mama atakuja nyuma yetu na hatasema kitu. Twende, kijana."

Ukumbi wote ukatoka. Maxwel alitangulia, mwanzoni akitembea kwa mikogo, akiwasalimu watu wa vibandani kama bwana harusi. Walipita soko, wakateremka hadi relini, wakavuka. Hapo ndipo alipopunguza mwendo. Katika maisha yake alikuwa amefika kwa Anyango siku moja tu, akiwa nyuma ya baiskeli, akifuata vibao vya mishale. Vibao vilikuwa vimeungua. Nyumba zilikuwa zimeungua. Nguzo zilizosalia zilikuwa zimebebwa kuni, na upepo wa kiangazi ulikuwa umefagia majivu na kuvifuta vichochoro vyote. Mbele yake palikuwa na uwanja mmoja mweusi usio na mlango wa samawati wala pazia la miraba.

"Endelea," Mzee Kimaiyo alimwambia.

"Ni hapo mbele. Mambo yamebadilika kidogo."

Alitembea hatua chache, akafika kwenye mtaro, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Jasho lilikuwa likimchirizika shingoni na kuilowesha kola ya shati zuri. Watu walimngoja. Hatimaye akanyoosha kidole kwenye mraba wa majivu ulio kando ya mtaro. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo kwangu."

"Hapo?" yule mwanamke wa chupa akauliza, na wanawake wengine wa mtaa wakaanza kushikana mabega wasianguke kwa kicheko. "Kijana, hapo palikuwa choo! Choo ya plot mzima! Karibu kwako, baba!"

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Anyango alimpita Maxwel bila kumtazama, akaruka mtaro, akatembea katikati ya majivu kama mtu anayepita ukumbini kwake gizani. Akakata kona mahali ambapo hapakuwa na kona, akapanda kidogo, akakata tena na kusimama. "Hapa ndio mlango," alisema. "Hapa ndio dirisha. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha. Mbao inaungua, chuma haiungui. Chimbeni."

Aliyechimba ni Mzee Kimaiyo. Hakumwachia mtu mwingine. Alipiga magoti na suti yake, akatia mikono kwenye majivu, na vumbi jeusi likapanda, likamwingia puani na machoni, akakohoa na kuendelea. Vumbi hilo halikuhitaji kompyuta. Baada ya kitambo kidogo vidole vyake viligonga kitu kigumu. Alivuta, na Mzee Gurdial akamsaidia kuvuta, na wakakitoa kiguu cha chuma cha cherehani, kimepinda kwa moto lakini ni kizima.

Mzee Kimaiyo alikishika kile chuma mikononi. "Mama," alisema, "mimi nimekukosea. Unisamehe."

"Usiniombe mimi peke yangu," Anyango akamjibu, na hasira ilikuwa bado haijamshuka, wala hakuona sababu ya kuishusha. "Kule kambini kuna Chepngeno. Alichomewa nyumba pamoja na ng'ombe wake, na wewe ukamrudisha kwa sababu ya picha. Kuna mzee kipofu wa hema ya mwisho. Yeye picha angepigwa na nani? Ukitoka hapa, nenda kwao kwanza. Magoti yako tayari yana majivu."

Mzee Kimaiyo alikwenda. Jioni hiyo picha zote ziling'olewa ukutani, na kuanzia kesho yake kamati ikawa inatembea yenyewe, kutoka jivu moja hadi jingine, wenye nyumba wakitangulia na majirani wakishuhudia. Chepngeno alipata mabati yake. Anyango alipigilia yake kabla ya masika, mama yake akishika misumari na Mitchelle akishika ngazi, na mvua ya kwanza iliponyesha ilipiga juu ya vichwa vyao kwa kelele kubwa hata wasisikilizane.

Na Maxwel? Siku ile wote walikuwa wamempita. Hakupigwa wala hakutukanwa, na waliomwona wanasema hilo lilimuuma zaidi. Watu walikuwa kule juu wamemzunguka Anyango, na yeye akabaki amesimama kando ya mtaro, mbele ya choo alichokiita kwake, hawezi kwenda mbele kwa sababu hajui njia, hawezi kurudi nyuma kwa sababu mji mzima ulikuwa umekwisha kumjua. Kutoka relini hadi pale alipokwama ni mwendo ambao mtoto anayejifunza kutembea angeumaliza bila kuanguka. Njia ya mwongo ni fupi.